Tangi la Kilimo cha Maji: Namna ya Kulichagua na Mahali pa Kuliweka



Kila mwenye shamba la mikarafuu ajua ya kuwa mti huu hauzai sawasawa. Mwaka mmoja huzaa sana, mwaka wa pili ukapumzika, na mwenye shamba akabaki akihesabu siku. Kwa sababu hiyo wako wanaotaka kuongeza pato kwa kulima saladi na mboga nyingine bila udongo. Miche hukaa katika matundu ya mabomba yaliyolazwa. Pampu huyapandisha maji yenye mbolea kutoka tangini, maji hupita mizizini, kisha hurudi tangini yakazunguka tena. Jambo hili si geni: katika mwaka 1945 jeshi la Marekani lililima mboga bila udongo katika kisiwa cha Ascension, ambacho sehemu yake kubwa ni mawe ya volkeno.

Watu wengi hununua kwanza mabomba na pampu, na tangi wakaliacha liwe la mwisho, likawa ndoo yo yote iliyopatikana. Haifai kufanya hivyo. Katika kilimo hiki tangi ndilo udongo wako. Likiwa baya, mboga za wiki tano huweza kufa kwa mchana mmoja. Basi likumbukeni kwa maneno matatu: liwe kubwa, liwe chini, liwe kivulini.

1. Liwe kubwa

Udongo una akiba. Maji machache hayana. Tuseme una mabomba manne, na kila moja lina miche 20 ya saladi, jumla miche 80. Saladi iliyokomaa, siku ya jua kali, yaweza kunywa karibu robo lita. Basi miche yako itakunywa lita 20 kwa siku. Ukiwa na tangi la lita 50, baada ya siku mbili limekaribia kukauka, na mbolea iliyobaki imekuwa kali kwa mizizi au imepungua nguvu. Ukiwa na pipa la lita 200, lita 20 ni sehemu moja tu katika kumi, na mmea hausikii badiliko.

Kanuni nyepesi ni hii: kwa kila mche wa saladi weka lita 2, kwa mmea mkubwa kama mtungule weka lita 8 au 10. Kisha ongeza nafasi ya maji yarudiyo. Pampu ikisimama, maji yote yaliyomo mabombani hushuka tangini. Kama kila bomba lina lita 8, mabomba manne yatarudisha lita 32. Usilijaze pipa mpaka juu, ama siku umeme utakapokatika mbolea uliyoinunua kwa fedha itamwagika chini.

2. Liwe la kitu gani?

Pipa la plastiki lililokuwa na chakula ndilo bora. Lisiwe lililotiwa dawa ya wadudu, mafuta ya taa au rangi, hata kama limeoshwa mara kumi. Pipa la bati lenye zinki halifai, kwa kuwa maji ya mbolea huila zinki hiyo, nayo ikizidi ni sumu kwa mimea. Birika jipya la saruji nalo hutoa chokaa ikaharibu kipimo cha maji, ambacho hutakiwa kiwe baina ya 5.5 na 6.5 katika kipimo cha pH. Basi lifunike kwanza ndani kwa plastiki nene.

Mwanga usipite. Ukipita, ukoga wa kijani huota na kula mbolea ya mboga. Lipake pipa rangi nyeusi kwanza ili kuzuia mwanga, kisha nyeupe juu yake ili kufukuza joto. Lazima liwe na kifuniko cha kubana: huzuia mbu wasizae humo, na humlinda mtoto asitumbukie.

3. Liwe chini

Mdomo wa tangi uwe chini ya mwisho wa mabomba, ili maji yarudi yenyewe. Bomba la kurudishia liwe pana kuliko la kupandishia, na liishie juu ya maji, upande ulio mbali na pampu. Maji yaangukapo huchukua hewa. Lakini usizidishe kina, maana pampu hupunguza maji kila inapoyainua juu zaidi. Pampu ikae juu ya tofali, isivute taka za chini.

Ukipenda, lizike pipa nusu. Ardhi hupoza maji. Lakini mdomo ubaki shibiri moja juu ya ardhi, maji ya mvua yasiingie. Tena wakati wa masika usiliache tupu shimoni, kwa kuwa ardhi ikijaa maji pipa tupu huelea likang'oa mabomba. Ukiliweka juu ya sakafu, kumbuka lita 200 ni kilo 200: sakafu iwe imara.

4. Liwe kivulini

Kama vile karafuu mbichi zilizorundikwa huingiwa na joto zikaharibika, ndivyo na maji haya. Maji safi ya digrii 20 huweza kushika miligramu 9 za oksijeni katika lita. Yakifika digrii 30 hushika miligramu 7 na nusu tu. Mizizi hukosa pumzi, ikawa ya hudhurungi na kuteleza, kisha ikaoza.

Visiwani mwetu jua hupita kaskazini mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Desemba. Kwa hiyo ukuta wa kaskazini au wa kusini hautoi kivuli mwaka mzima. Upande wa mashariki wa nyumba ndio mwema, kwani huponea jua la alasiri. Ongeza paa dogo la makuti.

5. Mengineyo

Maji ya kisima cha pwani yaonje kwanza. Mmea hunywa maji ukaiacha chumvi, nayo huzidi kila mzunguko. Maji ya mvua ya paa ni bora. Maji yaliyochakaa yamwagie migomba, mbali na kisima. Waya wa umeme uning'inie chini ya soketi kabla ya kuingia humo, matone yasiifikie.

Maswali ya kujipima

1. Miche 120 ya saladi yataka lita ngapi, mbali na maji yarudiyo?
2. Zima pampu yako: maji yapanda vidole vingapi tangini?
3. Saa tisa alasiri, jua laligusa tangi lako?