Mchuzi Si Mboga
Kijitabu cha kaya kuhusu rangi za mimea na afya ya tumbo, Handeni na Korogwe

Kisomwe kwa sauti

Kama bibi hasomi, msomee. Mara nyingi yeye ndiye anayewapakulia watoto.

Jambo kubwa kuliko yote

Kuanzia Mkata hadi Mombo, mtoto hupakuliwa hivi: tonge la sembe, linachovywa kwenye mchuzi wa mchicha, basi. Majani wanakula wakubwa. Mama akiulizwa kliniki anajibu kwa moyo mweupe, "Mboga anakula kila siku." Hajala mboga. Amekula maji yaliyopita kwenye mboga.

Mchuzi si mboga.

Kinacholinda tumbo kimo kwenye jani lenyewe. Ndani ya ule ukijani wa mchicha, matembele na kisamvu imefichika rangi ya manjano ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na vitamini A huilinda ngozi ya ndani ya utumbo. Rangi hiyo haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo ukimpa mtoto mchuzi peke yake, umeibakiza chunguni. Nyuzinyuzi zinazolainisha choo nazo zimebaki humo humo. Mtoto anayelelewa kwa mchuzi hukazana chooni huku akilia, na akishikwa na kuhara huchelewa kuinuka.

Akifikisha miezi 6, yaponde majani yaliyopikwa yalainike kabisa, uchanganye na ugali laini au uji mzito. Akitema, usiseme hapendi. Mpe tena kesho, na keshokutwa. Watoto wengi hutema kitu kigeni mara kadhaa kabla ya kukizoea. Wakila sinia moja na wakubwa, mtengee majani yake pembeni kabla mikono ya wengine haijafika.

Baba, na wewe: mboga ikiwa kidogo, mtoto apewe kwanza.

Mafuta

Pika majani kwa tui la nazi, karanga zilizotwangwa au kijiko cha mafuta, maana bila mafuta ile rangi ya manjano mwili huichukua kidogo sana.

Rangi nyingine

Manjano iko wazi kwenye papai, embe, boga, viazi lishe na karoti zinazoshuka kutoka Lushoto. Nyekundu iko kwenye nyanya, na nyanya iliyopikwa na mafuta huitoa vizuri kuliko mbichi. Zambarau iko kwenye zambarau zenyewe, kwenye choya, na kwenye maganda ya maharage mekundu na kunde. Sehemu kubwa ya rangi hizi za mwisho hainyonywi upesi. Hushuka pamoja na nyuzinyuzi mpaka utumbo mpana, ambako wako vijidudu wema wanaozitumia. Wakilishwa vizuri, tumbo hutulia. Ukimenya maharage ukatupa maganda, umetupa chakula chao.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, yaani kama viganja vitano. Si lazima ununue tufaha la dukani. Mnavu na mchunga vinaota shambani mwako, na vijana siku hizi wanaviita chakula cha shida. Waache waseme, wewe pika.

Rangi ya dukani

Ubuyu kwa asili ni mweupe. Ule mwekundu unaopaka ulimi umetiwa rangi na sukari, na wala hauhesabiki kuwa tunda la siku. Choya iliyojaa sukari nayo ni soda tu.

Maonyo

Kisamvu kina sumu kikiwa kibichi: kitwange hadi kilainike, ukichemshe vya kutosha bila mfuniko. Kiazi mviringo kilichogeuka kijani usimpikie mtu. Huo ni ukijani wa hatari. Mboga za bustani za kando ya mto zioshwe kwa maji safi yanayomiminika, hasa za kachumbari, kwa sababu kipindupindu na minyoo havijali kama sahani ina rangi nzuri. Usivune mboga iliyopigwa dawa kabla siku zilizoandikwa kwenye kopo la dawa hazijaisha. Kuosha hakuondoi dawa yote.

Bitiruti huweza kufanya choo na mkojo kuwa vyekundu kwa siku moja au mbili. Majani mengi, au vidonge vya kuongeza damu anavyopewa mjamzito, huweza kugeuza choo kuwa cha kijani au cheusi. Hayo yasikutishe. Lakini choo cheusi kinachonata kama lami, chenye harufu kali, au chenye damu na makamasi, ni sababu ya kwenda zahanati siku hiyo hiyo, usingoje. Mtoto anayekula sana papai na boga anaweza kuwa na viganja vya manjano, mtazame macho. Macho yakiwa meupe, hana shida. Macho yakiwa ya manjano, hilo si boga, nenda hospitali.

Mtoto anayehara hafungwi tumbo kwa dawa za kienyeji. Apewe ORS na zinki, anyonye, ale.

Kiangazi Handeni

Mvua zikikatika majani huwa haba. Kausha ya kunde na mchicha mapema: yapitishe kwenye maji yanayochemka kwa dakika chache, kisha yaanike kivulini penye upepo. Jua kali huiua rangi. Ukiyapika, mtoto apewe majani. Mchuzi wa majani makavu nao si mboga.

Kliniki

Mwezi wa Juni na Desemba watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A. Mpeleke hata kama anacheza vizuri, na hata kama kwako kuna mipapai mitatu. Muuguzi akikuuliza mtoto anakula nini, mwambie ukweli: jani, au mchuzi.