Dawa ya Matone ya Macho

Jicho ni kiungo kidogo, lakini likiuma, mwili wote hauna raha. Huko Masisi, wakati wa kupura maharagwe, ganda huruka likampiga mtu jichoni. Huko Walikale, mwituni, mpasua mbao huingiwa na unga wa msumeno. Jicho huwa jekundu, machozi hutoka, mwangaza huchoma. Mgonjwa ataka kitu kimoja tu: maumivu yaishe upesi. Hapo ndipo penye hatari.

Jirani asema, "Mimi ninayo chupa, ilinisaidia mwaka jana." Usiipokee. Chupa za matone hufanana, lakini dawa zilizomo hazifanani. Moja huua vijidudu. Nyingine, kama deksametazoni, hupunguza wekundu na uvimbe, lakini haiui kijidudu hata kimoja. Mganga huitoa kwa ugonjwa wake, naye humwangalia mgonjwa. Ukiitia mwenyewe katika jicho lenye kidonda, wekundu waweza kupungua nawe ukafurahi, kumbe kidonda chazidi kula kioo cha jicho. Na ukiitia miezi mingi, maji yaliyo ndani ya jicho yaweza kulikaza hata kuuharibu mshipa wa kuonea, polepole, pasipo maumivu. Wengine hutia maji ya majani, au maziwa ya mama. Wanatia kwa huruma, lakini huingiza vijidudu kidondani.

Basi nenda kwenye kituo cha afya, ijapokuwa njia ni ndefu, na kwa mtu wa Walikale ni ndefu kweli.

Ukiisha kupewa dawa, soma tarehe iliyoandikwa juu ya chupa. Nawa mikono kwa sabuni. Inua uso, vuta kope la chini, tia tone moja. La pili litamwagika shavuni bure. Ncha ya chupa isiguse jicho, wala kope, wala kidole. Kisha funga jicho, ubonyeze pembe iliyo karibu na pua kwa dakika 1 au 2, dawa isishukie puani. Kama ipo dawa nyingine, ngoja dakika 5.

Chupa nyingi zikiisha kufunguliwa hutupwa baada ya siku 28, hata dawa ikibaki. Neno hili akina mama hawalipendi, maana dawa hununuliwa kwa fedha.

Maumivu yakizidi, au ukiona ukungu, rudi kwa mganga siku ile ile.

Maulizo
1. Kwa nini wekundu kupungua si alama ya kupona?
2. Ncha ya chupa isiguse nini?
3. Nyumbani kwenu iko chupa ya zamani? Mwulize mama ilifunguliwa lini.