Kabla hujalipia koni ya uzi Kariakoo, ipime kwanza

Leo tuongelee uzi. Najua kuna mtu atasema uzi ni uzi tu, na mimi nilikuwa nasema hivyohivyo mpaka uliponitia hasara.

Kwa wageni wa page: mimi nashona na kuuza bedikava za vitenge hapa Magomeni. Juu kitenge, chini shuka, katikati ile pamba nyepesi ya kujazia, halafu unapitisha mshono kila baada ya sentimita 10, kwa urefu na kwa upana, ili pamba isihame. Wenzetu Marekani wanaita kwilti, na wana mashine maalumu za mkono mrefu: kitambaa kinatandazwa kwenye fremu, mashine ndiyo inatembea juu yake. Sisi tunaikunja bedikava kama mkeka na kuisukuma chini ya cherehani ya umeme. Mashine ni tofauti ila mateso ya uzi ni yaleyale, unapita tabaka tatu, kwa kasi, mita nyingi bila kupumzika. Bedikava yangu ya kitanda cha sita kwa sita nimeipima, ina kama mita 100 za mshono.

Sasa hasara yenyewe. Nilituma bedikava mbili Dodoma kwa basi. Zikafuliwa mara mbili tu, dada aliyenunua akanitumia picha: mishono imeachia, pamba imejikusanya kona moja kama mto. Kabla sijajibu, picha iko status. Nikarudisha pesa, nauli ya mzigo juu yangu, na watu wake watatu waliokuwa wameshaulizia bei wakanyamaza. Fundi wangu nilimgombeza bure. Kosa lilikuwa la uzi, na aliyeununua ni mimi, kwa sababu ulikuwa umepungua shilingi elfu moja kuliko mwingine.

Tuanze na namba. Kwenye koni nyingi za polyester utaona 40/2 au 20/2. Namba ya kwanza inakwenda kinyume na akili: ikiwa kubwa, uzi ni mwembamba. Kwa hiyo 20 ni mnene kuliko 40. Mimi kwa muda mrefu nilidhani 40 ndiyo nene, nikawa naisifia kwa wateja! Namba ya pili ni nyuzi ngapi zimesokotwa pamoja. 40/3 ina nyuzi tatu, ina nguvu kuliko 40/2.

Kwa bedikava ya kitenge, 40/2 nzuri inatosha, na sindano namba 14. Ukitaka mshono uonekane kama pambo weka 20/2, lakini hapo panda sindano mpaka 16 au 18, ukijua kwamba matundu nayo yataonekana kwenye kitenge chepesi. Kama huna uhakika sindano inaendana na uzi, itoe kwenye mashine, itunge uzi wa kama nusu mita, shika uzi umenyooka kwa mteremko. Sindano inatakiwa kuteleza yenyewe. Ikigoma, tundu ni dogo, na huo uzi utachanika ukianza kushona.

Kuna jambo ambalo hakuna muuzaji atakwambia. Lebo inasema yadi 5,000. Nani amehesabu?

Hesabu iko hivi. Uzi wa 40/2, yadi 16,800 zinatakiwa kuwa na uzito wa ratili moja, yaani gramu 454. Ndivyo namba hiyo ilivyotengenezwa tangu mwanzo, siyo mimi nimetunga. Kwa hiyo yadi 5,000 ni kama gramu 135 za uzi mtupu, bila ile plastiki ya ndani. Yadi 3,000 ni kama gramu 81. Ukinunua 20/2, zidisha mara mbili. Chukua koni iliyokwisha, pima plastiki yake, andika. Ukienda dukani pima koni nzima, toa uzito wa plastiki. Hakikisha tu plastiki ni za aina moja, maana kuna koni zina plastiki nene kama kikombe, ukizishika unaona nzito kumbe umenunua ndoo. Ikipungua gramu tano usigombane na mtu. Ikipungua hamsini, rudisha kwenye rafu.

Ule uzi wangu wa bei rahisi, koni mpya niliyobaki nayo, ulikuwa na gramu 80. Lebo yadi 5,000! Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini koni moja ilikuwa inanimalizia bedikava tisa tu. Mshono wa kawaida wa cherehani, ukijumlisha uzi wa juu na wa bobini, kwenye kitu kinene unakula kama mita tatu za uzi kwa kila mita moja ya mshono. Mita 100 za mshono ni mita 300 za uzi. Yadi 5,000 ni mita 4,572, kwa hiyo nilitakiwa kupata bedikava 15. Sasa piga bei: koni ya 2,500 ikitoa tisa, kila bedikava imekula uzi wa kama shilingi 278. Koni ya 3,500 ikitoa 15, ni shilingi 233. Ule rahisi ndio ulikuwa ghali, na bado ulinivunjia heshima Dodoma. (Wenye ovaloki, nyie ndio mpime kabisa. Ovaloki ya nyuzi tatu inakula kama mita 14 kwa mita moja.)

Uzito hauonyeshi nguvu, hilo ni jambo la pili. Vuta uzi kama mita moja, uangalie kwenye mwanga wa nje, siyo taa ya dukani. Uzi mbaya una sehemu nene na sehemu nyembamba kama nywele, na manyoya mengi. Kata vipande vitano kutoka sehemu tofauti, vuta kila kimoja kwa mikono. Kama kimoja kinakatika kirahisi na vingine vinakukata vidole, acha. Koni iliyokaa juani dirishani nayo acha, jua linaula uzi.

Rangi: lowesha kipande kwa maji ya moto na sabuni, kifungie kwenye kitambaa cheupe, kamua. Maruni na nyeusi ndizo zinazoniponza. Muuzaji akikunja uso, nunua koni moja ukajaribie nyumbani kabla hujachukua dazeni.

Uzi ukiwa unakatika mashineni, angalia ncha iliyokatika. Ikiwa na kidonge kigumu, sindano imepata moto na polyester imeyeyuka: punguza kasi, badilisha sindano. Ikiwa na manyoya, uzi ni dhaifu au unasuguliwa mahali, labda tundu la sindano ni dogo.

Na wewe unayeuza mtandaoni lakini hushoni mwenyewe, nunua uzi wako umpelekee fundi. Usimwambie "weka uzi mzuri", ataweka uliopo kwenye mashine, na picha ya mshono ulioachia haitawekwa status kwa jina lake.

Mzani ule mdogo wa jikoni wa betri unatosha, unaingia kwenye mkoba. Ule wa dukani wa kupimia sukari hautaziona gramu 50 vizuri.