Kifua Kikuu Hakisubiri Janga Lipite

Machi 2020, Kenya ilipotangaza mgonjwa wake wa kwanza wa corona, kukohoa ndani ya matatu kulitosha kuwafanya abiria wasogee pembeni. Wengi wenye kikohozi walijifungia nyumbani. Waliogopa karantini, na kafyu na ukosefu wa nauli vikawazidishia uzito wa kwenda kituo cha afya.

Mwaka 2019, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, watu milioni 7.1 waligunduliwa kuwa na kifua kikuu (TB). Mwaka 2020 wakashuka hadi milioni 5.8. Si kwamba ugonjwa ulipungua kwa kiasi hicho; waliopungua ni waliopimwa, na vifo viliongezeka kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi. Hata mashine za GeneXpert, zinazotambua vimelea vya TB kwenye makohozi, sehemu nyingi zilielekezwa kupima corona.

Corona hujitokeza ndani ya siku chache. TB hunyemelea: kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka, kukonda, pengine makohozi yenye damu. Mtoto huenda asikohoe sana, ila uzito kwenye kadi ya kliniki haupandi na hamu ya kucheza imekwisha. Kwa hiyo majibu yakionyesha hakuna corona na kikohozi kinaendelea, mgonjwa aombe kipimo cha TB. Mtu anaweza kuwa na yote mawili kwa pamoja.

Makohozi yanayofaa zaidi ni ya alfajiri, yaliyotoka kifuani, mate hayatoshi. Mgonjwa akohoe nje, mbali na watu, kisha afunge kikopo vizuri.

Dawa za TB ya kawaida humezwa miezi sita, na ni bure katika vituo vya serikali Kenya na Tanzania. Mkojo kuwa wa rangi ya machungwa ni kawaida, hutokana na rifampicin, mojawapo ya dawa hizo. Hatari iko kwenye nafuu ya wiki za mwanzo: wengi huacha dawa hapo, na vimelea vinaweza kurudi vikiwa sugu. Zikitangazwa amri za kutotoka nje, familia iombe mapema dawa za kutosha.

TB huenea kwa hewa. Kumtengea mgonjwa sahani na kikombe ni kumvunja moyo bure. Afadhali madirisha yafunguliwe na barakoa ivaliwe.

Nyumba yenye mgonjwa iwapeleke kliniki watoto wa chini ya miaka 5 na watu wanaoishi na VVU, hata kama hawakohoi. Dawa za kuwakinga zipo.