Anza na Siku Umeme Utakapokatika

Usiku wa kwanza umeme kukatika nikiwa na akwariamu ya matumbawe, niliamshwa na hodi. Jirani wa ghorofa ya chini, mama wa makamo, alikuwa mlangoni na tochi ya simu. "Mwanangu, huko juu mmefungulia bahari?" Nilimwamkia shikamoo huku nyayo zangu zimeshalowa. Dari lake lilikuwa linadondoka maji ya chumvi, na mimi nilikuwa nimekaa wiki tatu nikijisifu kwamba bomba zangu hazivuji.

Na kweli hazikuvuja. Kosa lilikuwa kwenye hesabu.

Tangi langu lina urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 50. Chini yake, ndani ya kabati, kuna sampu: tangi dogo linalobeba pampu na kichujio cha povu. Maji humwagika kutoka juu kupitia ovaflo, huteremka hadi kwenye sampu, kisha pampu huyapandisha tena. Umeme ukiwepo, yanayoshuka hulingana na yanayopanda. Ukikatika, pampu husimama, lakini bomba la kupandisha bado limejaa maji na mdomo wake umezama juu, kwa hiyo maji huanza kurudi kwa njia ileile yaliyopandia. Yanaendelea kurudi mpaka ule mdomo uvute hewa.

Mdomo wangu ulikuwa umezama sentimita 12. Zidisha urefu kwa upana, gawa kwa 1,000, utapata lita za kila sentimita ya kimo. Kwangu ni lita 6. Mara 12, ni lita 72. Sampu ilikuwa na nafasi ya lita 54. Zilizobaki, pamoja na zile zilizokuwa njiani ndani ya bomba, zilimshukia mama wa watu.

Basi kabla hujanunua hata elbo moja, fanya hesabu hiyo. Siku hizi mdomo wangu umezama sentimita 2 tu, na umeme ukikatika zinarudi kama lita 20, nikijumlisha maji ya kwenye boksi la ovaflo na bomba. Nimechora mstari kwa kalamu isiyofutika kwenye kioo cha sampu: maji yakiwa kazini yasipite hapo. Nilitoboa pia tundu la milimita 5 kwenye bomba la kupandisha, chini kidogo ya usawa wa maji, ili livute hewa mapema. Lakini silitegemei, maana konokono mmoja au uoto wa mwani huliziba. Wengine wataambiwa dukani wafunge valvu ya kuzuia maji kurudi. Punje ya mchanga ikikaa kwenye ulimi wake, haifungi. Mimi sikuiweka kabisa.

Sasa bomba za kushusha. Nilianza na bomba moja, na sebule nzima ilisikika kama choo kinachovutwa saa ishirini na nne. Kelele hiyo ni hewa inayomezwa pamoja na maji. Dawa yake ni bomba mbili. La kwanza linashusha maji yote likiwa limejaa pomoni, bila hewa, na lina koki karibu na sampu ya kurekebishia mwendo. La pili lina mdomo ulio juu zaidi na hukaa kavu. Kazi yake ni siku la kwanza likiziba. Usiweke koki yoyote kwenye hilo la pili. Kwa lile la kwanza tumia koki ya kuzungusha kwa gurudumu, ile mafundi wanayoiita geti valvu, kwa sababu marekebisho ni ya robo ya robo ya mzunguko. Koki ya mkono wa kuvuta itakupa ama kelele ama mafuriko. Na mwisho wa bomba hilo usizame kwenye sampu zaidi ya sentimita 2 au 3, la sivyo umeme ukirudi hewa itakosa pa kutokea na maji hayatashuka vizuri.

Hapa nitasema jambo ambalo fundi bomba wangu, kijana hodari kwelikweli, hakulijua na hakuna sababu angelijua. Alikuja na tenki konekta za shaba nyeupe, zile nzuri zinazong'aa, akasema za plastiki ni za watu wa haraka. Kwa simtanki ya maji ya kunywa yuko sahihi. Kwenye maji ya chumvi shaba huliwa na kuyeyuka kidogo kidogo, na kiasi kidogo sana kinatosha kuua kamba, konokono na matumbawe. Bomba la chuma lililopakwa zinki nalo ni hivyohivyo. Kila kinachogusa maji kiwe PVC au plastiki nyingine, pamoja na zile skrubu ndogo unazozisahau.

Mashimo ya kioo mwachie fundi vioo, na ayatoboe kabla tangi halijaunganishwa. Mwulize kwanza kama kioo hicho kimepashwa moto kiwandani kuwa kigumu. Kama ndivyo, kitasambaratika chote mara keekee ya almasi ikigusa. Tenki konekta ikifungwa, mpira wake ukae upande wa ndani, chini ya kile kichwa kipana. Kaza kwa mkono, ongeza robo mzunguko kwa spana, acha. Niliyoikaza kwa nguvu za kiume ndiyo iliyopasuka.

Kuhusu gundi: unganisha kwanza kila kitu kikavu, chora mistari ya alama kwenye maungio, ndipo ufungue na kupaka. Bomba likatwe sawasawa, lipigwe msasa, lifutwe. Paka pande zote mbili, sukuma huku ukizungusha kidogo, shikilia nusu dakika. Subiri siku nzima kabla ya maji. Weka yunioni pande zote za koki na juu ya pampu, kwa sababu utaifungua pampu kuisafisha, na bila yunioni utaifungua kwa msumeno. Pale penye kona kali, elbo mbili za nyuzi 45 hupunguza nguvu ya maji kidogo kuliko moja ya 90.

Pampu yangu imeandikwa lita 3,000 kwa saa. Baada ya kupanda mita moja na nusu na kupita kona zote, ilijaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde 40, yaani lita 1,800 kwa saa. Zinatosha, kwa lita zangu 300, ni kama mara sita kwa saa. Jaribio lote hilo fanya kwa maji baridi ya bombani, siku mbili, karatasi ya chooni ikiwa imezungushiwa kila ungio. Tone moja likitoka utaliona kwenye karatasi. Halafu zima swichi na uwashe, mara kumi. Pampu inayogoma kujiwasha mara ya saba itagoma pia siku umesafiri.

Taa zina makosa ya aina nyingine, kwa sababu hapa kwetu jua linatudanganya. Tunaona bahari ya Dar es Salaam mchana wa Januari, tunasema tumbawe linataka mwanga mkali. Ndani ya nyama ya tumbawe wanaishi mwani wadogo sana wanaotengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia mwenyeji. Tumbawe huzoea kiwango fulani. Likibadilishiwa ghafla, mwani hao hutolewa nje na tumbawe hubaki jeupe. Joto likizidi hutokea hivyohivyo. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya pwani yetu, Kenya na Tanzania, yalipauka kwa maji ya moto.

Mimi niliyapausha kwa kidole. Taa za LED zilifika, nikazipandisha hadi asilimia 100 ili nione rangi. Ndani ya siku sita matumbawe laini yalijikunja kama ngozi iliyoanikwa na tumbawe gumu moja likawa kama mfupa. Yalikuwa yametoka kwa rafiki aliyekuwa anahama, ambaye aliyanunua kihalali kwa vibali vyake. Matumbawe magumu yanalindwa na mkataba wa CITES, kwa hiyo usiende kuyang'oa baharini ukidhani ni mawe.

Nilianza upya na asilimia 30, nikaongeza 5 kila wiki. Matumbawe laini yameridhika kwenye 45, na sijaona sababu ya kuendelea. Taa ziko sentimita 25 juu ya maji, buluu nyingi kuliko nyeupe, kwani mwanga wa nanomita 420 hadi 460 ndio mwani wale wanaoutumia vizuri. Zinawaka saa saba mchana na kuzimika saa nne usiku, saa ya kwanza na ya mwisho zikiwa hafifu. Nimechagua saa hizo ili niwe nyumbani nizione, matumbawe hayajali.

Joto la taa likiongezwa kwenye joto la Februari, utahitaji feni ndogo inayopuliza uso wa maji. Itashusha nyuzi mbili tatu na kukausha lita 5 kwa siku. Rudisha maji yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi haikauki ikaondoka. Kila waya ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone litakalotembea kwenye waya lidondoke sakafuni. Na mwite fundi umeme akuwekee breka ya miliampia 30 inayokata umeme unapovuja. Hiyo usiidai punguzo.

Wiki iliyopita jirani alipanda na mjukuu wake kuangalia samaki. Tukiwa tumekaa, umeme ukakatika. Mama aliinua miguu juu ya kochi. Niliwasha tochi, nikamfungulia kabati, tukatazama maji ya sampu yakipanda taratibu, yakapita mstari wa kalamu, yakasimama sentimita 11 chini ya ukingo. Kipampu cha hewa cha betri kikaanza kuguruma. "Haya," alisema, akashusha mguu mmoja.