Mtoto anayejikojolea baada ya upasuaji wa kibofu

Baada ya upasuaji wa kibofu kidonda hupona kwanza. Kuzuia mkojo mtoto hujifunza baadaye. Mzazi wa Songea anayeuliza kwa nini mwanawe wa miaka 6 bado analowa asikimbilie kusema operesheni imeharibika. Mpira wa mkojo ukishatolewa, kibofu hujibana ghafla, na mkojo humponyoka mtoto kabla hajafika chooni.

Uwezo wa kibofu hukadiriwa kwa kuchukua miaka ya mtoto, kuongeza 1, kisha kuzidisha kwa mililita 30. Wa miaka 6 hubeba takriban mililita 210. Aliyezaliwa na kibofu kikiwa nje ya tumbo hubeba pungufu, na kwake safari huwa ya miaka.

Mchana apelekwe chooni kila baada ya saa 2 au 3, hata kama hajabanwa. Asisukume wala asiharakishwe. Akimaliza, angoje kidogo, ajaribu tena. Saa, kiasi na nyakati alizolowa viandikwe kwenye daftari, kwani daktari atapata humo mengi kuliko katika maelezo ya mdomo. Mazoezi ya misuli ya nyonga yafundishwe na mtaalamu wa fiziotherapia: watoto wengi huikaza wakati wa kukojoa, pale pale inapotakiwa kulegezwa.

Choo kigumu husahaulika, ilhali utumbo uliojaa hukikandamiza kibofu. Maharage, mboga za majani, papai na maji husaidia. Kumnyima mtoto maji ili asilowe ni kosa: mkojo mzito hukisumbua kibofu na kurahisisha maambukizi. Baridi ya Juni na Julai huongeza safari za chooni, na hilo ni la kawaida. Mwalimu naye aambiwe, mtoto aruhusiwe kutoka bila kuomba mara mbili.

Mwenye mgongo wazi, au aliyeongezewa kibofu kwa kipande cha utumbo, mara nyingi huhitaji kutolewa mkojo kwa mpira mara kadhaa kwa siku. Tangu 1972, Jack Lapides wa Marekani alipoeleza njia hiyo, inajulikana kwamba mikono iliyonawa kwa sabuni na mpira safi vinatosha nyumbani. Mwenye mgongo wazi asitumie mpira wa lateksi, kwa sababu ya mzio.

Akipata homa, mkojo ukikoma au ukitoka na damu, apelekwe siku hiyo hiyo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au hospitali ya Peramiho. Aliyeongezewa kibofu kwa utumbo akiumwa tumbo sana, asisubiri kukuche.