Kabla Hujashuka Same

Watu wengi wa Upareni wanaijua ofisi ya ustawi wa jamii kama mahali pa kupeleka ugomvi wa ndoa. Ni kweli ugomvi huo unafika huko. Lakini afisa ustawi ndiye pia anayepima nani asamehewe gharama za matibabu, anayemfuatilia baba aliyetelekeza mtoto, na anayetafuta ndugu wa mzee aliyebaki peke yake Chome au Mbaga wakati watoto wote wako Dar. Ofisi yake iko halmashauri, Same mjini. Kutoka Vudee au Mamba ni nauli ya kushuka na ya kupanda, na mvua ikikata barabara unalala huko huko. Kwa hiyo karatasi zimalizwe kijijini kwanza.

Tuanze na wazee, maana ndio wanaosumbuka zaidi. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na wazee wasio na uwezo wanatakiwa kutibiwa bure katika vituo vya serikali. Wengi husikia "miaka 60" na kusahau "wasio na uwezo". Zanzibar, tangu 2016, mkazi aliyefikisha miaka 70 hupewa pensheni jamii bila kuulizwa ana nini. Bara hatuna utaratibu huo. Huku mzee lazima athibitishe kwamba hana. Mimi naona wenzetu wa Zanzibar wamemwondolea mzee aibu ya kueleza umaskini wake mbele ya watu, lakini ndivyo mambo yalivyo kwetu, na cha kufanya ni kujipanga.

Anza kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha mtendaji wa kijiji aandike barua na kugonga muhuri. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Barua inayosema "mtajwa ni mkazi wangu, naomba asaidiwe" haimsaidii afisa kuamua lolote. Iseme mzee anaishi na nani, analima nini, nani anamtumia fedha na kwa nini hazitoshi. Kama kahawa yake imezeeka na haina mavuno, iandikwe hivyo. Mwenye shamba la tangawizi linalouzika asitegemee barua ya namna hiyo. Jina nalo lifanane kila mahali: kadi ya hospitali ikisema Nakiete na kitambulisho cha NIDA kikisema Elizabeti, mtendaji aeleze kwenye barua hiyo hiyo kwamba ni mtu mmoja. Asiye na NIDA achukue kadi ya mpiga kura au cheti cha ubatizo. Walutheri na Wasabato wa milimani wengi wanavyo, vimekunjwa ndani ya Biblia.

Mkifika hospitali, ulizeni afisa ustawi wa hapo kabla ya kulipa, kwa sababu fedha ikishaingia dirishani kuirudisha ni kazi. Mgonjwa aliyezidiwa asisubiri barua: apelekwe atibiwe, na ndugu mmoja ashughulikie karatasi. Hospitali za dini, kama ya Kilutheri ya Gonja, zina taratibu zao, ulizeni mapema.

Kuhusu matunzo ya mtoto, Sheria ya Mtoto ya 2009 haimbagui mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Mama aende na cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, namba ya simu ya baba na mahali anapofanya kazi. Afisa atamwita baba wakae wazungumze; asipokuja au akikana, shauri linaweza kwenda mahakamani. Makubaliano yaandikwe na kusainiwa na wote wawili, kiasi na tarehe ya kulipa vikiwemo. "Nitakuwa natuma" si makubaliano. Mtoto anayepigwa au kunyanyaswa hasubiri kikao: simu 116 ni ya bure.

Msaada wa TASAF ni habari nyingine. Majina ya kaya maskini hupitishwa kwenye mkutano wa kijiji, si mezani kwa afisa ustawi, na malalamiko hupelekwa kwa kamati ya jamii ya kijiji au kwa mratibu wa TASAF halmashauri. Ukikosa mkutano huo kwa sababu ulikuwa sokoni, usishangae jina lako kutosomwa.